Kabati ya Mbari

Kwa nini mtu mwenye garaji tupu, yenye sakafu ya simenti ambayo watoto wangeweza kuchezea mpira, atake kabati la chuma litundikwe ukutani? Kwa nini asilisimamishe tu chini?

Wahome aliniuliza swali hilo tukiwa kwenye pikapu yake, tukirudi Nyeri kutoka kijiji kimoja nyuma ya Karatina. Mimi, niliyekuwa na swali juu ya kila jibu, nilibahatisha. Nilimwambia labda mama yule anaogopa mafuriko. Wahome aliuangalia mlima tuliokuwa tukiteremka, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akalazimika kusimamisha gari kando ya barabara.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia sasa katika kazi ya kutengeneza makabati ya chuma na kuyafunga kwenye garaji za watu. Mimi nimeiacha. Niiteni mstaafu kijana mkitaka, maana meno yangu yote bado yapo, lakini bega la kulia lilikataa kuinua drili juu ya kichwa, na bega likishakataa halibembelezwi. Mnachopata hapa ni yale niliyoyaona kabla halijakataa. Msiamini yote. Mimi pia sikuamini yote niliyoambiwa, na ndiyo sababu nilijifunza kidogo.

Niliingia karakana ya Wahome, pale Majengo, nikiwa na digrii ya falsafa na haja ya rafu moja ya vitabu. Nilimuuliza bei, kisha nikamuuliza kwa nini moto wa kuchomelea ni wa buluu, kwa nini anavaa miwani ya jua badala ya kinyago, na kwa nini bati likichomelewa upande mmoja hujikunja kama jani. Alinipa kipande cha chuma. "Shika hii," akasema, "na unyamaze kidogo." Nilishika. Sikunyamaza. Baada ya juma moja aliacha kuniita kwa jina langu, akaanza kuniita Kwanini, na Majengo yote ikamfuata.

Wahome mwenyewe alikuwa mtu wa kujisifu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na fundi mzuri sana siku ambazo hakuwa na haraka. Siku za haraka tulirudia kazi.

Nianze na lile ambalo watu wengi hukosea hata kabla fundi hajaitwa. Mteja huanza kwa kuchagua kabati. Mwambie aanze na gari. Gari liingie garajini, lisimame linaposimama kila siku, kisha milango yote ifunguliwe, na boneti, na buti. Chora kwa chaki pale milango inapofika. Nafasi inayobaki ndiyo ya kabati. Kule Ruring'u tulifunga kabati moja zuri kuliko yote tuliyowahi kutengeneza, la rangi ya kijani, kwenye ukuta wa nyuma, gari likiwa limeenda kazini na mwenyewe. Jioni mwenyewe akarudi, akafungua buti atoe sukuma wiki, na buti ikapanda juu ikalibusu kabati katikati ya mlango. Alitupigia simu. Wahome akamwambia anunue gari fupi.

La pili ni bati. Bati la chuma huuzwa kwa geji, na nambari ya geji ikipanda, unene unashuka. Geji kumi na sita ni nene, ishirini na mbili ni nyembamba. Niliwauliza watu wengi kwa nini iko hivyo na sikuridhika na jibu hata moja, lakini ndivyo ilivyo. Mwalimu mmoja wa Sagana alikwenda dukani akasema kwa fahari, "Nipe ya geji kubwa kabisa, mimi sitaki mchezo." Alipewa alichoomba. Kabati lilikuwa likipumua upepo ukivuma. Kwa hiyo mkiwa dukani msiulize nambari tu. Bonyezeni mlango katikati kwa kidole gumba. Ukiingia na kutoka kwa sauti ya kifuniko cha mkebe, uacheni pale pale. Tazameni pia bawaba, kwa sababu mlango mzito kwenye bawaba nyepesi utaanza kuburuta kabla hamjasahau siku mliyoununua.

La tatu lilikaribia kuvunja urafiki. Sakafu ya garaji haiko sawa, na haitakiwi kuwa sawa. Hujengwa ikiinama kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea gari yatoke. Ukipima kimo cha kabati kutoka sakafuni, upande huu na upande ule, utapata kabati lililoinama sawa na sakafu, na milango yake itajifungua yenyewe usiku kama ya nyumba yenye majini. Tumia pimamaji. Lakini ukitumia pimamaji, kabati litakuwa sawa na mteja ataapa limeinama, kwa maana jicho lake linalilinganisha na sakafu. Mteja mmoja wa Kiganjo alimwambia Wahome, "Fundi, hata mbuzi wangu anaona hii imeenda kushoto." Wahome akamjibu alete mbuzi. Walikuwa wamefika mahali pa kutajiana wazazi nilipomwomba mama wa nyumba kikombe cha chai, nikakiweka juu ya kabati, nikawaita wote wawili wachungulie. Chai haidanganyi wala haina upande. Yule bwana aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi sakafu ndiyo mbaya," na akataka Wahome atengeneze sakafu.

Sasa nirudi kwa Mama Nyokabi, mwenye garaji tupu.

Alitupigia simu asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye paa la msikiti. Wahome alikuwa anachomelea, kwa hiyo niliweka simu kwenye spika ili sote tusikie. Sauti ya mama mtu mzima ikasema, "Haro. Nataka kabati ya chuma. Ya kutundika kwa ukuta. Iko garaji hapa kwangu, ya mawe. Rakini nataka iwe na kufuri, ni kabati ya mbari."

Huku kwetu, kama mjuavyo, wengi tunapochanganya Kikuyu na Kiswahili, l hugeuka r bila kuomba ruhusa. Haro ni halo. Rakini ni lakini. Masikio yangu yalikuwa yamesomeshwa kurekebisha kila r inayopita, na yalirekebisha na hiyo. Nikaelewa kabati ya mbali. Nikajieleza mwenyewe kila kitu: garaji iko mbali na nyumba, ndiyo maana anataka kufuri, na kwa kuwa ni mbali, tutalibeba kwa mkono kutoka barabarani, basi liwe jembamba na jepesi. Nilimweleza Wahome mantiki yangu. Aliisifu. Wahome mwenyewe husema "mbari" akitaka kusema mbali, kwa hiyo hangeweza kunisaidia hata angetaka.

Tulifika Jumatano. Mama Nyokabi alikuwa amevaa gamboti za mpira na sweta mbili, kitambaa kichwani, mama wa miaka ya sitini hivi mwenye mikono ya kuchuma chai. Garaji ilikuwa hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Ningeweza kurusha kijiko kikafika. Hapo ndipo nilipaswa kuanza kushuku.

"Hii ni nini?" akauliza, akiliangalia kabati tulilokuwa tumelibeba.

"Ni kabati yako, Mama."

"Hii? Hii ni ya kuweka viatu." Akafungua mlango, akaingiza mkono. Kiwiko kilibaki nje. "Sufuria itaingia wapi hapa?"

"Sufuria gani, Mama?"

Akapanua mikono yote miwili kama mtu anayemkumbatia ng'ombe. "Zire za sherehe."

"Lakini ulisema ni kabati ya mbali."

"Ee. Ya mbari."

"Mbali na nini? Na nyumba?"

"Mbari na..." Akanitazama kuanzia viatu. "Wee msichana, ati unatoka wapi?"

"Nyeri."

"Nyeri mjini?"

"Mjini, ndio."

"Ndio maana. Si mbari ya umbari! Mbari! Mbari ya baba ya mzee wangu!"

Wahome aliweka upande wake wa kabati chini ili apate nafasi ya kucheka. "Kwanini," akasema, "ulisomea nini huko chuo?"

"Wewe si ulisikia simu pia?"

"Mimi nirisikia mbari. Na nikajua ni mbari. Sasa kosa yangu iko wapi?"

Kwa wale wasiojua: mbari, kwa Kikuyu, ni watu wa ukoo mmoja mdogo, wote waliotoka kwa babu mmoja, na kwa kawaida wamekaa kwenye mashamba yaliyokuwa shamba moja la babu huyo. Mbari huwa na vyombo vyake. Sufuria za kupikia watu wengi, masinia, chupa kubwa za chai, vikombe vilivyochorwa alama ya rangi chini ili visiibwe na mbari nyingine. Kukiwa na harusi vinatoka, kukiwa na mazishi vinatoka, kisha vinarudi mahali pamoja. Vyombo vya mbari hii vilikuwa vikikaa kwa mama mkwe wake Mama Nyokabi, lakini mama mkwe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mvua za mwezi wa nne zilikuwa zimeangusha paa la nyumba yake.

Alitutengenezea chai, nzito ya maziwa. Wahome, aliyetaka kuokoa kazi, akatoa shauri. "Mama, kama ni ya sufuria kubwa, itabidi iwe na kina. Na ikiwa na kina itakuwa nzito kwa ukuta. Si tuiweke tu chini? Nafasi iko. Hata mimi nitalala usingizi."

"Ukutani," akasema Mama Nyokabi.

"Lakini chini ni..."

"Fundi, niko na mdomo na nimesema. Ukutani. Na iwe imekwisha Jumamosi."

Nikamuuliza kwa nini Jumamosi, kwa kuwa mimi huuliza. Akaniambia bila kupandisha sauti, kama anayesimulia habari za mvua. Mume wake alikuwa amefariki. Alikuwa na wasichana tu, wote wameolewa, mmoja Kenol na wengine mbali zaidi, na hapa mbali ni mbali. Shemeji yake, Kamau, ambaye shamba lake limepakana na la Mama Nyokabi, hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumtukana. Lakini siku hizi akipita na wageni huwaonyesha shamba la mjane kwa mkono na kusema, "Hii ya mama Nyokabi, ikirudi, tutapanda parachichi."

"Ikirudi," akarudia Mama Nyokabi. "Irienda wapi?"

Jumamosi kungekuwa na sherehe ya mahari ya binti yake Kamau. Vyombo vya mbari vyote vingekuwa pale. Sherehe ikiisha, na nyumba ya mama mkwe haina paa, vitahitaji mahali. "Vikirara kwa Kamau siku moja," akasema, "vimekaa kwa Kamau. Na mbari itakuwa inaenda kukutana kwa Kamau. Mimi nitabaki hapa kama mpangaji, wakingoja chumba."

Nilimwambia kwamba sheria iko upande wake, kwamba mjane ana haki. Nilimtajia na katiba.

"Sheria iko Nyeri," akasema. "Mimi niko hapa. Ongeza chai."

Ni tukirudi kutoka pale ndipo Wahome aliponiuliza swali lile la ukuta, nami nikamjibu mambo ya mafuriko.

Nawaeleza sasa jinsi ya kufunga kabati lenye kina, kwa kuwa mtaombwa, na wengi hufikiri ni kuongeza bolti tu. Kabati jembamba huulalia ukuta. Kabati lenye kina huning'inia mbele kama mtoto anayevuta rinda la mamake sokoni: uzito hauvuti kwenda chini tu, unavuta kuja nje, na unaovutwa zaidi ni mstari wa bolti za juu. Tulifanya mambo mawili. Kwanza, chini ya kabati tulifunga chuma cha pembe, kirefu sawa na upana wake, ili kabati likalie kitu na bolti za juu zibaki na kazi moja tu ya kulizuia lisije mbele. Pili, mgongo wa kabati tuliuchomelea bapa mbili za chuma, maana bati tupu likivutwa na kichwa cha bolti huchanika kama karatasi. Rafu ya sufuria nzito tuliiweka chini kabisa, karibu na kile chuma cha pembe. Vikombe juu. Watu huweka vitu vizito juu kwa sababu hawavitumii kila siku. Wakatazeni.

Jumamosi tulifika na kabati jipya mapema, tukilisikia likigonga nyuma ya pikapu njia nzima. Nyimbo za wanawake zilikuwa zimeanza kwa Kamau, ng'ambo ya ua.

Ukuta wa ile garaji ulikuwa wa mawe ya kijivu yaliyokatwa kwa mashine. Wahome ana mtindo wa kugonga jiwe kwa nyuma ya drili na kutangaza tabia yake. "Hii ni ngumu. Hii ni mlevi. Hii ni ya kanisa." Aliligonga moja, akaliita la kanisa, nikalitoboa, na drili ikazama kama kwenye keki. Mimi napendelea kutoboa shimo dogo la majaribio mahali ambapo kabati litapafunika, na kuangalia vumbi. Vumbi kavu la kijivu linalotoka polepole, endelea. Vumbi la kahawia lenye unyevu, tafuta jiwe jingine. Na kamwe, hata mteja akikuomba vipi, usitoboe kwenye ungio la simenti kati ya mawe wala karibu na ukingo wa jiwe. Bolti ya kupanuka ikikazwa hapo itapasua jiwe, na utaisikia, na utajifanya hukuisikia, na kabati litakuja chini siku ya Krismasi. Toboa katikati ya jiwe. Safisha shimo, puliza vumbi lote litoke ukiwa umefumba macho. Mimi husahau kufumba.

Ng'oeni milango kabla ya kuinua. Kabati bila milango hubebwa na watu wawili wanaopendana. Lenye milango linahitaji wanne, na mlango mmoja lazima ufunguke umpige mtu. Na acheni nafasi ya kidole kati ya mgongo wa kabati na jiwe, kwa kutia washa, ile pete nene ya chuma, kwenye kila bolti. Huku kwetu, ukungu ukiingia mwezi wa saba, jiwe hutoa jasho, na chuma kinacholalia jiwe lenye jasho huanza kushika kutu kutoka nyuma, usikokuona. Kwa sababu hiyo hiyo msikubali mteja aweke mbolea au chumvi ya ng'ombe ndani. Vitu hivyo hula chuma taratibu, kama panya mwenye adabu.

Tukiwa tunapumzika, kabati likiwa juu na milango ikiwa bado chini, nilimuuliza Mama Nyokabi moja kwa moja. "Mama, kwa nini ukutani?"

Alikuwa anafagia vumbi la mawe. Hakuacha kufagia. "Ya chini vijana wanne wanainua, wanaenda nayo, na mimi nikiwa kwa maombi. Ya ukutani, mpaka mtu alete fundi. Na fundi akipiga ukuta, kijiji chote kinasikia. Mtu ataanza kuurizwa anatoa kitu ya mbari wapi, anaiperaka wapi."

Wahome, aliyekuwa akipaka bawaba mafuta, alinitazama. "Mafuriko," akasema.

Tulirudisha milango, tukairekebisha baada ya kuweka mzigo kidogo ndani, kwa kuwa mlango unaofungika vizuri kwenye kabati tupu si lazima ufungike kwenye lililojaa. Jua lilikuwa limeanza kushuka pikapu nyingine ilipoingia uani ikiwa na vijana nyuma, wamekaa katikati ya sufuria zilizooshwa. Mama Nyokabi alikuwa amezungumza na vijana wa kuosha vyombo wavilete kwake. Mbele, karibu na dereva, alikuwa Kamau, amevaa suti na kofia, ua la sherehe bado kifuani.

"Mama Nyokabi!" akaita akishuka. "Nasikia kugongwa tangu asubuhi. Kumbe siku hizi uko na karakana?"

"Karibu, Baba Wanjiru. Hongera ya msichana. Ingia, usisimame kwa baridi."

Aliingia. Alilitazama kabati. Aligonga mlango wake kwa kidole, na mlango haukulia kama mkebe. Alilisukuma kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, na halikutikisika. Hakumuuliza shemeji yake kitu. Alinigeukia mimi, niliyekuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Wee msichana. Hii kabati ni ya nani?"

"Ya mbari," nikasema. Nililisema kwa r iliyonyooka, kwa sauti, kwa kuwa nilikuwa nimelisomea neno hilo tangu Jumatano na sikutaka kulikosea tena.

"Ya mbari?"

"Ya mbari, mzee. Ndiyo oda tuliyopewa."

"Mbari ya nani?"

"Ya baba yenu!" akaitikia Wahome kutoka juu ya ngazi, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde.

Mama Nyokabi alikuwa anapanga vikombe, mgongo wake ukiwa kwetu. Vijana wawili walikuwa mlangoni, sufuria kubwa katikati yao, na mmoja akaiegemeza pajani. "Mzee, hii kitu ni nzito. Tuweke wapi, ama turudi nayo?"

Kamau alimtazama. Akaitazama tena ile rafu ya chini, iliyokuwa na upana ule ule wa sufuria.

"Weka," akasema. "Si mmesikia ni ya mbari? Weka, na msikwaruze rangi."

Wahome ana desturi ambayo nawaomba muichukue hata mkiacha mengine yote. Kazi ikiisha, funguo zote hukabidhiwa aliyetoa oda, mbele ya watu, ili kesho mtu asiseme fundi alibaki na moja. Aliteremka, akafuta mikono, akamkabidhi Mama Nyokabi funguo mbili mbele ya Kamau, vijana, dereva na jirani aliyekuja kuona kelele. Mama Nyokabi alizipokea kwa mikono miwili. Kisha akaitoa moja kwenye kamba, akampa shemeji yake.

"Hii ni yako, Baba Wanjiru. Kama mtu ako na matanga na mimi niko kanisani, utawafungulia."

Kamau aliishika kwa muda, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaigonga mara moja kwa nje kuhakikisha imekaa. Halafu akasema ana njaa, na kwamba haiwezekani mbari nzima iko kwa shemeji yake na hakuna chai.

Tangu hapo nimefunga makabati mengi, kwenye mabati, kwenye matofali yenye matundu, kwenye mbao zilizooza. Niliporudi kwa Mama Nyokabi mara moja kubadilisha kufuri, nilikuta viti vya plastiki vimerundikwa garajini pia, na turubai, na mabenchi, na yeye analalamika kwamba watu wa mbari hawajui kurudisha vijiko. Parachichi zilikuwa zimepandwa. Zake. Nilifikiri hadithi imeishia hapo.

Muda mrefu baadaye, bega langu likiwa limeanza kugoma, Kamau alikuja Majengo kutaka kabati lake mwenyewe, la vifaa vya kunyunyizia miti dawa. Alikuwa amezeeka, na alikuwa mcheshi kuliko nilivyomkumbuka. Tulipokuwa tukipima, akaniuliza, "Niambie kitu. Ni nani kwa mbari aritoa oda ya ire kabati ya Mama Nyokabi? Ni ndugu yangu mkubwa?"

"Simu alipiga yeye, kwa niaba yenu. Si mlikaa mkakubaliana?"

"Tukae wapi? Hatukukaa." Alicheka, akafuta macho kwa kofia. "Mimi nilidhani ni ndugu yangu mkubwa. Yeye alidhani ni mimi. Wale wa chini wakadhani ni sisi wawili, wakaona heri wanyamaze. Mwaka huu tu ndio tumeulizana. Hakuna mtu alikuwa amesema popote ati vyombo vikae kwa Mama Nyokabi. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kutuambia."

"Lakini siku ile ulijua ni ya mbari."

"Niriambiwa," akasema Kamau. "Na wewe."